Daftari Moja kwa Watu Sita: Kisa cha Vimondo vya Julai Nje ya Lubumbashi

Ukurasa wenyewe unasomeka hivi, kwa miandiko mitatu tofauti:

“Usiku wa Alhamisi. Anga safi sana. Saa 8:10, kubwa, kuelekea Fomalhaut. 8:12 ndogo. 8:12 tena (ni ileile?). 2h20 nzuri, mwalimu aliona, sisi wengine hapana. Chai. 2h55 ya kijani, mkia mrefu!!! Saa 9 kasorobo, mbili pamoja. Jumla mpaka hapa 31.”

Hilo ni daftari la watu sita wa Lubumbashi: mwalimu wa fizikia wa sekondari, mdogo wake ambaye ni fundi simu, na wanafunzi wanne wa chuo kikuu, mmoja wao amekulia Bukavu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2025 walilala chali kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, nje ya mji upande wa barabara ya Kasenga, wakahesabu vimondo mpaka karibu na alfajiri. Mambo mengi waliyafanya vizuri. Walimjulisha chifu wa kijiji mapema, jambo ambalo watu wa mjini hulisahau kisha wakashangaa kumulikwa tochi usoni saa nane ya usiku. Walibeba mablanketi, maana baridi ya Julai ya Katanga haina utani. Usiku wenyewe ulichaguliwa kwa akili: mwezi ulikuwa mchanga, ukatua kabla ya saa sita.

Kisha wakaniletea daftari ili tujaze pamoja fomu ya Shirika la Kimataifa la Vimondo, ambalo tangu mwaka 1988 hukusanya hesabu za watazamaji wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Fomu haikujazika. Inauliza: ulianza saa ngapi na ukamaliza saa ngapi, kwa saa za dunia (UTC)? Katika muda huo ulitazama kweli kwa dakika ngapi? Macho yalielekea upande gani? Nyota hafifu kabisa uliyoweza kuiona ilikuwa na mng'ao gani? Ni sehemu gani ya anga yako iliyozibwa? Baada ya hayo yote ndipo inapouliza habari za vimondo. Daftari lilikuwa na jibu la swali la mwisho tu, nalo kwa shida.

Macho ya hawa watu hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kwamba walikuwa wakiandika vimondo, ilhali kinachotakiwa kuandikwa ni kutazama kwenyewe. Vimondo 31 bila kujua vilionwa na nani, kwa muda gani na chini ya anga ya namna gani, ni hadithi nzuri ya kuwasimulia watoto, lakini haviwezi kulinganishwa na vimondo vya mtu mwingine yeyote.

Hasara hiyo si ndogo kwa mahali kama Lubumbashi. Mwishoni mwa Julai mvua mbili za vimondo hukutana juu ya vichwa vyetu. Ya kwanza ni Delta Akwaridi ya Kusini, inayofika kilele karibu na tarehe 30 Julai: vimondo vyake huingia angani kwa kasi ya kilomita 41 kwa sekunde, na kwenye anga kamilifu mtu mmoja angeweza kuona kama 25 kwa saa. Ya pili ni Alfa Kaprikornidi, yenye kilele siku zizo hizo. Hiyo ni haba, kama vimondo vitano kwa saa, lakini ni vya polepole, kilomita 23 kwa sekunde, na mara kwa mara kimoja huwaka hadi ardhi ikapata vivuli. Mtu wa Ulaya aliye kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini hukiona kitovu cha Delta Akwaridi, yaani mahali angani ambapo vimondo vyake huonekana kutokea, kikipanda nyuzi 24 tu juu ya upeo wa macho, basi. Lubumbashi, iliyo karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, hukiona kikifika nyuzi 86, yaani karibu utosini, mnamo saa nane na robo usiku. Perseidi za Agosti, zile zinazojaza simu zetu kila mwaka kwa picha na ahadi za vimondo mia kwa saa, huku kwetu kitovu chake hakivuki nyuzi 20. Watazamaji wengi wa dunia wako kaskazini. Kwa hiyo saa moja iliyoandikwa vizuri kutoka shambani kando ya barabara ya Kasenga, usiku wa mwisho wa Julai, ina uzito kuliko saa moja ya Perseidi kutoka mahali ambapo watu mia wengine wanatazama vilevile.

Saa tatu katika usiku mmoja

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza kichwa zaidi. “Saa 8:10” iliandikwa na binti aliyekulia Bukavu, ambaye husoma saa kwa Kiswahili: ni saa nane na dakika kumi usiku. “2h20” ni ya mwalimu, anayesoma saa kwa Kifaransa. Hizo mbili ziko dakika kumi tu mbali, lakini mtu asiyewajua angeweza kuisoma 8:10 kuwa saa mbili na dakika kumi jioni kwa saa ya simu, wakati ambapo kitovu cha Delta Akwaridi ndiyo kwanza kinachungulia mashariki. Halafu kuna “saa 9 kasorobo”, iliyoandikwa chini ya 2h55. Saa tisa kasorobo ni 2h45. Ama mistari ilirukwa, ama vile vimondo viwili viliandikwa kwa kukumbuka, baada ya chai. Nilipouliza, nilipata majibu mawili kutoka kwa watu wawili, kila mmoja akiwa na hakika.

Juu ya hapo kuna tarehe. “Usiku wa Alhamisi” kwa mtu anayehesabu siku kuanzia magharibi ni jioni ya Jumatano kuelekea Alhamisi, na ndivyo ilivyokuwa. Kwa anayehesabu kwa kalenda ya simu, usiku wa Alhamisi ni usiku uliofuata, tarehe 31 kuamkia Ijumaa. Na kwa saa za dunia mambo yanageuka tena: Lubumbashi iko saa mbili mbele, kwa hiyo tarehe ya dunia hubadilika sisi tukiwa saa nane usiku. Kimondo cha saa saba na nusu usiku ni cha tarehe 30, cha saa nane na dakika kumi ni cha tarehe 31. Ukurasa ule umekaa juu ya mpaka huo huo. Ukiongeza kwamba nchi yetu ina saa mbili, ya Kinshasa na ya huku mashariki, na kwamba mmoja wa wanafunzi alikuwa na simu iliyotoka Kinshasa ambayo haikuwa imejirekebisha, utaona kwa nini sikuthubutu kuingiza hata mstari mmoja.

Dawa yake ilikuwa nyepesi, nayo ilitoka kwa yule fundi simu. Katika saa ya simu, mahali pa miji ya dunia, weka Accra au Abidjan. Miji hiyo iko kwenye saa za dunia mwaka mzima, haiongezi wala kupunguza. Usiweke London: Julai wenyewe wamesogeza saa mbele, na utakuwa umekosea kwa saa nzima huku ukijiona mtaalamu. Usiku wote, kila mtu aseme na aandike saa ya Accra tu. Tarehe iandikwe mara mbili, kama 30/31, ili mpaka wa usiku usimpoteze msomaji.

Jumla ambayo si ya mtu yeyote

Kosa la pili ni kubwa kuliko la saa, ingawa wenyewe waliliona ndiyo sifa yao. Walihesabu kwa pamoja. Mmoja akipaza sauti, “Ile pale!”, mwenye daftari anaandika. Watu sita wakitazama pande sita huona vingi kuliko mtu mmoja, lakini si mara sita, kwa sababu anga wanazotazama zinapandana. Mara ngapi basi? Hakuna ajuaye, na inategemea nani alikuwa amelala, nani amekwenda kuchemsha maji, nani anapiga picha. Ndiyo maana shirika lile hutaka kila mtazamaji awe na hesabu yake peke yake, hata kama wamelala kwenye mkeka mmoja. Kikundi cha watu sita hutoa ripoti sita.

Kuna jambo jingine ndani ya hilo ambalo vitabu vya Ulaya havitalitaja. Mwalimu alikuwa pale. Mwalimu akisema, “Hiyo ni magnitudi sifuri,” mwanafunzi gani atasema aliiona ni mbili? Nilipopitia kurasa zote niligundua kwamba pale palipoandikwa mng'ao, karibu kila mara ulikuwa mng'ao wa mwalimu. Hakumnyamazisha mtu, ni adabu ya kawaida tu. Mdogo wake alinieleza hivi: “Yaya (yaani kaka mkubwa) akisha kusema, wewe unaandika. Utabishana naye gizani?” Adabu hiyo ni nzuri mezani na darasani. Kwenye hesabu ya vimondo inafuta macho ya watu watano.

Tena sauti ya “ile pale!” ina ubaya wake. Unageuza kichwa, unakiona kipande cha mwisho cha kimondo, au hukioni kabisa lakini unaamini umekiona, unahesabu. Vimondo vile usingeviona kama ungekuwa peke yako. Na wakati umegeuza kichwa, upande wako umebaki bila mtu.

Anga “safi sana” ni ya magnitudi ngapi?

Hapa ndipo hesabu inapouma. Magnitudi ni kipimo cha mng'ao wa nyota, na namba ikipungua nyota ni ang'avu zaidi: Altair ni 0.8, Fomalhaut 1.2, nyota hafifu kabisa zinazoonekana kwa macho matupu kwenye giza zuri ni kama 6.5. Hiyo 6.5 ndiyo anga ya rejea. Ukitazama chini ya anga isiyofika hapo, vimondo hafifu vinakupita, na idadi yako huzidishwa ili kufidia. Kwa Delta Akwaridi, kila magnitudi moja inayokosekana huzidisha hesabu kwa kama 2.5.

Tuseme mtu amehesabu vimondo 12 vya Delta Akwaridi kati ya saa nane na saa tisa usiku, kitovu kikiwa karibu utosini. Alitazama kweli kwa dakika 54, sehemu moja ya kumi ya anga yake ilizibwa, na nyota hafifu aliyoiona ilikuwa 5.8. Ukifanya hesabu, kiwango chake kwa anga kamilifu kinafika kama 28 kwa saa. Sasa abadilishe kitu kimoja tu: badala ya kupima, akadirie kwa macho kwamba anga ilikuwa “safi sana, labda 6.3”. Kiwango kinashuka hadi kama 18. Vimondo ni vilevile, mtu yuleyule, usiku uleule. Tofauti yote imetoka kwenye maneno mawili yaliyoandikwa juu ya ukurasa. Na asipotoa zile dakika sita za chai, namba yake inapungua tena, kutoka 28 hadi 25.

Kupima hakuhitaji chombo. Shirika lina ramani za maeneo 30 ya anga, kila eneo limezungushiwa mipaka na nyota zinazojulikana. Unachagua eneo lililo juu na karibu na unakotazama, unahesabu nyota zote ndani yake pamoja na zile za pembeni, kisha jedwali linakuambia kikomo chako, yaani magnitudi ya nyota hafifu kabisa unayoweza kuiona. Zinatosha ramani mbili zilizochapishwa kwenye karatasi. Rudia kila nusu saa, na kila unapohisi anga imebadilika. Na kila mtu ahesabu kwa macho yake: mwalimu ana umri wake, wanafunzi wana wao, vikomo vyao haviwezi kuwa kimoja.

Katanga hili ni la lazima zaidi kwa sababu ya moshi. Kiangazi nyika zinachomwa, na tanuru za makaa zinafuka msituni usiku kucha. Kuna usiku unaanza ukiwa mweusi kabisa, na kufikia saa tisa moshi umetulia chini kama hakuna kilichotokea, ila nyota ndogo zimetoweka kimyakimya. Macho hayakustui, kwa sababu zile kubwa bado zipo. Anayehesabu nyota atauona moshi huo kwenye namba zake kabla ya kuunusa.

Kuhusu anga iliyozibwa, kikundi hiki kilikuwa na kizuizi ambacho fomu haikukifikiria: kichuguu. Aliyewahi kutembea pori la huku anavijua vichuguu vyetu, virefu kuliko nyumba. Walikuwa wametandika mikeka kwenye kivuli cha kimoja ili kukwepa upepo, na wawili wao kilikuwa kinawakatia kipande kizima cha anga ya kusini. Mawingu, mti, kichuguu, yote huandikwa vilevile: ni sehemu gani ya anga ninayoitazama iliyofichwa? Ikizidi sehemu moja ya tano, ni afadhali kuhama.

Kila kimondo kiliitwa Akwaridi

Kwenye daftari, safu ya “aina” imejaa herufi A kutoka juu hadi chini. Wenyewe walijua ni usiku wa Akwaridi, basi kila kilichopita kikawa Akwaridi. Hata kile cha kijani chenye mkia mrefu cha 2h55, ambacho binti wa Bukavu anakumbuka “kilitembea kama kinafikiri”. Maneno yake hayo yana habari kuliko herufi A: kimondo cha polepole namna hiyo, chenye mwanga mwingi, nilikishuku mara moja kuwa cha Kaprikornidi. Lakini kushuku si kuandika.

Njia ya kutenganisha ni mbili, na zote mbili zitimie. Kwanza, rudisha njia ya kimondo nyuma kwa jicho: je, inapita kwenye kitovu? Kile cha Delta Akwaridi kiko kwenye kundinyota la Dalu (Aquarius), karibu na nyota ya Skat, juu ya Fomalhaut. Kile cha Kaprikornidi kiko kwenye kundinyota la Jadi (Capricornus), kama ngumi tatu za mkono ulionyooshwa kuelekea magharibi. Pili, kasi: je, inafanana na mvua hiyo? Kimondo kinachotoka upande wa Dalu lakini kinaburuta si cha Dalu. Kisichotimiza yote mawili kwa mvua yoyote huandikwa kuwa huru, yaani kisicho cha mvua yoyote, bila aibu. Usiku wowote kuna vimondo huru vingi, na ukurasa usio na hata kimoja unajishtaki wenyewe.

Hapa pia mahali pa kutazama pana kazi. Wote sita walikuwa wanatazama Dalu moja kwa moja, wakidhani vimondo viko pale vinakotoka. Karibu na kitovu kimondo huonekana kifupi, karibu nukta, na vya mvua zote mbili hufanana. Niliwashauri washushe macho kusini, kwenye kundinyota la Kuruki, nyuzi kama 30 kutoka kitovu cha Dalu. Kutoka hapo njia ndefu zinaonekana, na ukizirudisha nyuma zinaachana wazi: hizi kwa Skat, zile kwa Jadi.

Ubao, penseli na mtu asiyetazama

Walitoka tena mwishoni mwa Agosti, karibu na mwezi mwandamo wa tarehe 23. Delta Akwaridi zilikuwa zimekwisha, vilivyobaki ni vimondo huru kwa sehemu kubwa. Wawili walilalamika kwamba ni kupoteza usiku. Mimi naona usiku wa vimondo vichache ndio wa kujifunzia: mikono inapata muda wa kuzoea kazi, na mtu anajifunza kuandika robo saa isiyo na kitu. Sifuri ni kipimo. Robo saa tupu iliyotazamwa inaingia kwenye hesabu sawasawa na robo saa yenye vimondo vinane. Robo saa tupu isiyoandikwa inageuka uongo mdogo, kwa sababu wastani wote unapanda.

Vifaa vilikuwa hivi. Kila mtu alikuwa na kipande cha mbao cha plaiwudi chenye upana wa kiganja na nusu, kimezungushiwa karatasi ndefu ya kutolea risiti, na mpira wa kuifunga. Penseli imefungwa kwa uzi kwenye ubao. Kalamu ya biki hapana: ukiandika umelala, wino unakataa kushuka. Unaandika bila kutazama, kwa herufi kubwa, kimondo kimoja mstari mmoja, kisha unavuta karatasi kwa kidole gumba ili mistari isipandane. Mstari wenyewe una vitu viwili tu. Herufi: D kwa Dalu, J kwa Jadi, H kwa huru. Namba: mng'ao, ukilinganisha na nyota za pale pale. Waliikariri ngazi yao ya nyota wakiwa bado mjini: Altair 0.8, Fomalhaut 1.2, Alnair ya Kuruki 1.7, Diphda 2.0, Sadalsuud 2.9, Skat 3.3. Kimondo kikiwa kati ya Fomalhaut na Diphda, andika 1.5, usijitese.

Saa haimo kwenye mstari. Hili liliwashangaza, maana kwenye daftari la Julai saa ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwa bidii kuliko vyote. Kwa hesabu ya kawaida hakuna anayehitaji dakika ya kila kimondo. Kinachohitajika ni vipindi. Kwa hiyo mmoja wao, kwa zamu, hakutazama anga kabisa. Alikaa amejifunika blanketi pamoja na simu iliyobandikwa karatasi nyekundu, akaweka kengele kila dakika 15. Ikilia, anatamka saa ya Accra, na kila mtu anachora mstari mrefu kwenye karatasi yake. Mtunza saa huyo ndiye pekee mwenye ruhusa ya mwanga. Ndiye pia anayeandika nani ameinuka saa ngapi na amerudi saa ngapi. Anayeinuka anasema “natoka”, anayerudi anasema “nipo”. Chai ikapata mahali pake kwenye rekodi.

Isipokuwa kimondo-moto, yaani kimondo king'avu kupita kawaida. Hicho kikipita, kila mtu aachie sauti, na mtunza saa aandike saa hadi sekunde, kwa sababu kimondo-moto kina fomu yake, na watu wa Likasi au wa ng'ambo ya mpaka huko Zambia wanaweza kuwa wamekiona pia.

Ukimya ndio uliokuwa mgumu. Nusu saa ya kwanza, macho yanapozoea giza, ilikuwa ya maongezi. Mtu anahitaji kati ya dakika 20 na 30 hivi bila mwanga wowote mweupe, na ni muda mzuri wa kumaliza vicheko. Baada ya hapo kimya. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyependekeza akae mwisho wa mstari, mbali na wanafunzi, ili hata pumzi yake ya mshangao isisikike. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Simu ya kurekodi sauti ilijaribiwa na mmoja wao. Kwa nadharia ni bora kuliko ubao: mkono hautoki ndani ya blanketi, na kila neno lina wakati wake. Kwa vitendo, mbwa wa kijijini walibweka nusu ya faili, baridi ilimaliza betri kabla ya saa kumi, na kesho yake hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikiliza saa nne za ukimya ili kuokota maneno machache. Mwenye subira ataiweza. Kwa kikundi kinachorudi mjini kwenye mgao wa umeme, naona karatasi inashinda.

Asubuhi iliyofuata waliketi na karatasi zao wakaanza kulinganisha, na hapo wakavunjika moyo. Hazikufanana. Binti wa Bukavu alikuwa na vimondo vingi kuliko mwalimu, karibu vyote vya ziada vikiwa hafifu, vya 4 na 5. Kikomo chake cha nyota nacho kilikuwa juu kuliko cha mwalimu. Fundi simu alikuwa na kipindi kizima cha sifuri ambacho wengine waliona viwili vitatu. Alikiri alisinzia, tukakifuta kipindi hicho chote, muda pamoja na hesabu. Mwanafunzi mmoja alitaka wakae wasahihishane mpaka wakubaliane. Hapana. Kutofautiana kule ndiko kulikokosekana Julai. Macho ya mtu yakiwa makali au mazito, hiyo ni tabia ya mtazamaji, na wachambuzi hujua kuishughulikia baada ya kumwona mtu huyo usiku kadhaa. Wanachoshindwa kushughulikia ni namba iliyokwisha kulainishwa na kikao. Fomu sita zilijazika mchana uleule, kabla ya bukari, ugali wa huku, kuiva.

Daftari la Julai tulijaribu kuliokoa. Binti wa Bukavu alikuwa na karatasi yake pembeni, aliyoandika kwa ajili ya dada yake: ameanza saa ngapi, amesimama saa ngapi, ameona vingapi yeye mwenyewe. Alipendekeza tujaze kikomo cha nyota kwa kukumbuka. Kikomo hakikumbukwi. Karatasi hiyo tuliiacha kama ilivyo, na 31 za kikundi zikabaki daftarini.

Desemba, wakati wa Geminidi, Lubumbashi iko katikati ya masika, na wingu likijaa hakuna ubao utakaosaidia. Zamu inayofaa zaidi ni Eta Akwaridi, karibu na tarehe 5 na 6 Mei, mvua ikiwa imekwisha na moto wa nyika haujaanza. Kitovu chake kinachomoza karibu saa nane usiku na kinapanda mpaka alfajiri, hivyo dakika nzuri ni zile za mwisho kabla ya mapambazuko, kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Vimondo vyake ni vya kasi sana, kilomita 66 kwa sekunde, kwa hiyo herufi na namba ziandikwe papo hapo. Mtunza saa wa kwanza atakuwa mwalimu. Ameshasema anataka wanafunzi watazame kipindi kizuri.